Ripoti ya Nyumbani

Ukiingia mtaani ukauliza fundi sofa anakaa wapi, watu watakukodolea macho kama umeuliza njia ya kwenda mwezini. Uliza Hoja. Hapo hata kuku watakuonyesha mlango.

Jina hilo alipewa na baraza la shule ya sekondari. Aliingia barazani kama mwakilishi wa wazazi binti yake mkubwa alipokuwa mwanafunzi pale, na hakutoka tena; sasa aliyekuwa shuleni ni mdogo mtu, kitindamimba, kidato cha tatu. Kila kikao, mwenyekiti akishafunga faili na wajumbe wakishainua makalio nusu, mkono wa fundi ulipaa juu.

"Nina hoja."

Makalio yakarudi chini.

Hoja zake nyingi zilikufa palepale na hazikuombolezwa. Moja ikapona. Alisimama siku hiyo akasema kwamba siku ya ripoti wazazi wanakuja shuleni kama watu waliofuata mzigo stesheni: wanapokea, wanatia sahihi, wanatokomea. Akapendekeza mzazi akalie dawati la mtoto wake mwenyewe, mtoto asimame nyuma yake, na kabla mwalimu hajasoma alama hata moja, mzazi aulizwe kwanza: wewe umemwonaje nyumbani? Ikapita. Ikaitwa ripoti ya nyumbani. Wazazi walinung'unika, wakazoea, na fundi akatembea na ushindi ule kama mtu aliyevaa saa mpya, mkono hautulii.

Usimcheke sana. Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi, na binti mkubwa alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye mji wa mbali. Nyumba ilijaa viti, sofa za watu zilizochunwa ngozi, zimekaa na mbavu nje zikisubiri zamu, lakini wenye kukaa walikuwa wawili tu: yeye na kitindamimba. Wateja walikuja, wakabonyeza sponji kwa kidole kama wanaonunua papai, wakaondoka. Barazani ndiko alikosubiriwa. Akichelewa, mtu alisema, "Hoja yuko wapi?" Ukiwa hujawahi kukaa mahali ambapo hakuna anayekuuliza uko wapi, huwezi kujua utamu wa swali hilo.

Na jioni alikuwa na binti. Mtoto akirudi shuleni, akishakunywa chai yake, aliitwa karakanani kushika kitambaa. Kitambaa cha sofa kinataka mikono minne: wawili wavute, mmoja wao apigilie.

"Vuta. Hapo hapo, usilegeze. Sasa mwenyekiti akasema choo cha wavulana kisubiri. Mimi nikamwambia, mheshimiwa, choo hakisubiri, anayesubiri ni mtu!"

Binti alicheka mahali pa kucheka. Kitambaa kikiisha, ilikuja ya mhasibu aliyesinzia kikaoni, kisha ya mwaka ule wa bati, kisha ile ya choo tena, kwa kuwa ilikuwa tamu.

Basi binti mkubwa akapiga simu. Shuleni kwake kulikuwa na bweni, na alikuwa amemwombea mdogo wake nafasi.

"Baba, mlete. Mimi mwenyewe nitamfundisha hesabu."

"Akafuate nini huko? Anaendelea vizuri."

"Umeona daftari lake?"

"Mwanangu, mimi ni mjumbe wa baraza. Nakwambia anaendelea vizuri."

"Haya. Nafasi wameniwekea mpaka siku ya ripoti. Ikiwa nzuri, sitakusumbua tena. Ikiwa mbaya, utamleta?"

"Nitamleta," alisema fundi, haraka, kama mtu anayeapa kwa kitu asichokiamini.

Alipoweka simu ndipo akakumbuka kilichobaki. Siku ya ripoti, mchana wake, lingechaguliwa baraza jipya. Na kanuni ilikuwa fupi: asiye na mtoto shuleni hana kiti barazani. Kitindamimba akihama, fundi angepoteza mikono ya jioni na swali la "Hoja yuko wapi?" kwa mkupuo mmoja, abaki na viti vya watu.

*

Asubuhi ya ripoti alivaa koti. Binti alitembea pembeni yake, kola imenyooka, macho mekundu kidogo.

Mlinzi wa geti alimwona kwa mbali. "Hoja! Leo umetuletea ipi?"

"Leo nimekuja kusikiliza."

"Wewe? Kusikiliza?" Mlinzi akatazama mawingu. "Ngoja niingize viatu vyangu ndani, mvua ya mawe hiyo."

Karibu na darasa, wasichana wawili wakapita wakicheka. "Godoro, mambo?" mmoja akamwambia binti yake.

Fundi alitabasamu. Alikuwa amewahi kulisikia jina hilo, na lilimpendeza. Mtoto wa fundi sofa aitwe nini, Nyundo? Aliona shule nzima inaitambua kazi ya baba.

Akaingia kwenye dawati. Magoti yaligoma, akayabembeleza, yakaingia. Kiti cha mbao kilikuwa kigumu, na mkono wake ukakipapasa wenyewe, ukikikadiria sponji. Nyuma yake binti alisimama. Alisikia pumzi yake. Mbele alikuwa mwalimu wa darasa, mwanamke kijana aliyeketi wima hata wanafunzi wakamwita Rula.

"Karibu, mzee. Utaratibu ni wako mwenyewe," mwalimu akasema, na alikuwa na haki ya kutania kidogo. "Umemwonaje nyumbani?"

Fundi akakohoa. Alikuwa ameingoja nafasi hii. Wazazi wengine hujibu, "Hajambo, ni mtiifu," wakanyamaza. Yeye angewaonyesha ripoti ya nyumbani inavyotolewa.

"Mwalimu, mimi na huyu binti hatuachani. Wazazi wa siku hizi hawana habari na watoto wao, mimi ninaye. Akirudi shule, chai, kisha tuko karakanani. Ananishikia kitambaa, mimi napigilia, tunaongea. Namsimulia mambo ya baraza, yote, siri zile za kusimulika. Hata siku ambazo hakuna kazi namwambia njoo ukae, usikae chumbani peke yako kama mgonjwa. Tunakaa mpaka mimi mwenyewe nisinzie kwenye kiti. Yeye ndiye huniamsha nikalale."

"Vizuri," mwalimu akasema. "Na anasoma saa ngapi?"

"Akimaliza."

"Akimaliza nini?"

"Akimaliza..." Fundi alifungua mdomo, na jibu lilikuwa limeshafika, limesimama mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. "Akimaliza kunisikiliza."

Darasa halikuwa kimya. Kwenye madawati ya jirani wazazi wengine walikuwa wakiungama yao. Lakini yeye alisikia pumzi ya nyuma yake ikikatika.

Mwalimu hakumkaripia. Ingekuwa afadhali. Alifungua karatasi, akamsomea taratibu. Lugha, nzuri. Historia, nzuri. Hesabu imeshuka, na muhula uliotangulia ilishuka, na kabla ya hapo pia. Fizikia inaifuata hesabu kama mkia.

"Akili anayo, mzee. Tatizo ni vipindi vya asubuhi. Anasinzia. Ndiyo maana wenzake wakambandika lile jina."

"Jina lipi?"

Mwalimu akamtazama binti, kisha akamtazama baba. "Godoro."

Fundi akaweka mikono yake juu ya dawati. Ilikuwa mikubwa, na haikuwa na la kufanya.

"Baba hana kosa, mwalimu," binti akasema nyuma yake, upesi na kwa adabu. "Mimi ndiye ninayependa hadithi. Mimi ndiye humwambia aendelee."

Mama yake naye alikuwa akidanganya hivyo hivyo, upesi na kwa adabu, mteja akija kudai kiti ambacho hakijaguswa. Fundi aliitambua sauti ile kama mtu anavyotambua koti lake mgongoni mwa mwingine. Akageuka, kadiri dawati lilivyomruhusu, yaani nusu.

"Unataka kwenda kwa dada yako?"

"Na wewe utabaki na nani?"

"Sijakuuliza hilo."

"Ndilo jibu langu, baba."

Mwalimu akawa na shughuli ghafla na kofia ya kalamu yake.

*

Mchana ukumbi ulijaa. Mwenyekiti, mama mwenye duka la dawa, aliyezoea kuwaambia watu wazima wameze na wasiteme, alisoma majina ya wagombea. Alipofika kwa fundi, watu walipiga makofi kabla hajamaliza. Mtu akapiga mluzi. Sauti ikatoka nyuma: "Huyo tunampitisha bila kura, atuhurumie tu!"

Fundi alikaa akiyasikiliza makofi yale. Aliyaacha yaishe yenyewe; hakuyakatiza. Kisha mkono ukapaa.

"Nina hoja."

Ukumbi mzima uliguna kwa pamoja, mguno wa mapenzi, kama wa familia inayomwona mjomba anaamka kuimba harusini.

"Hoja yangu ni kwamba jina langu liondolewe. Sina mtoto shuleni hapa."

"Na yule pale dirishani ni nani?" mwenyekiti akauliza. "Kivuli?"

"Yule anahama. Anakwenda kwa dada yake, kwenye bweni."

Minong'ono. Mwenyekiti akavua miwani, akainama kuelekea kwake, akashusha sauti ya dukani, ile ya kuuzia watu dawa za aibu. "Fundi, anahama lini?"

"Muhula ujao ukifunguliwa."

"Basi leo bado ni wetu. Na muhula mmoja ni nini? Achelewe muhula mmoja tu, tupate kuzoea kukukosa. Wewe kaa kwanza kwenye kiti, mengine yatajipa."

Ilikuwa rahisi hivyo. Fundi aliona jioni zote za muhula mmoja zikipita mbele yake, kitambaa kimenyooka, kicheko mahali pake. Akamtazama binti dirishani. Alikuwa ameegemea kizingiti, macho yamefumba, amesimama wima amelala kama punda.

"Mama mwenyekiti," akasema, "mimi kazi yangu ni viti. Nimewaona watu wakija kujaribu tu. Mtu akishakaa kwenye kiti laini, humwinui hivi hivi. Atakwambia subiri kidogo, mgongo huu. Nikikaa muhula mmoja, nitapata sababu ya wa pili. Mnanijua, sababu sikosi."

Wakacheka. Alikuwa amewachekesha makusudi, apate kutoka huku wanacheka. Wakamchagua mchuuzi wa vitabu mahali pake, mtu mpole asiyependa maneno, na kikao kikafungwa mapema kuliko siku zote.

Getini mlinzi akauliza, "Mbona wametoka upesi leo?"

"Wamepona," fundi akasema, akampita.

*

Binti alikwenda. Fundi alimbebea sanduku mpaka kituoni, akimpa maagizo ambayo hayakuwa na mwisho, mpaka kondakta alipomwuliza kama yeye naye anasafiri.

Jioni ya kwanza alijaribu kuvuta kitambaa kwa mkono mmoja na kupigilia kwa mwingine. Kikapinda. Akakifumua. Akachukua pasi ya mkaa ya marehemu mkewe, nzito kama deni la damu, akaitua kwenye upindo wa kitambaa. Pasi ilishika vizuri kuliko mkono: haikulegea, haikuchoka, haikupiga mwayo. Alipigilia misumari kadhaa, na kwa mazoea akasema, "Basi mwenyekiti akasema choo cha wavulana kisubiri," akanyamaza, akaiangalia pasi. Akaendelea na kazi.

Binti alipiga simu siku za mwanzo. "Baba, nisimulie ya baraza."

"Baraza gani? Mimi si mjumbe. Umesoma?"

"Bado kidogo."

"Basi nenda," na alikata simu yeye, kabla mdomo haujamsaliti.

Siku ya ripoti ya muhula ule alipita nje ya shule na mkokoteni wake wa sponji. Wazazi walikuwa wakiingia, kila mmoja na mtoto wake. Mlinzi alikuwa na foleni, akampungia tu.

Simu ililia akiwa ameshafika nyumbani. Alikuwa binti mkubwa.

"Baba, huku hawana utaratibu wenu, wanatoa karatasi tu. Lakini nimesema nikusomee kwa kanuni zako. Hesabu imepanda. Si sana, imepanda. Na sasa ripoti ya nyumbani: analala mapema, hasinzii darasani, wamempa jina jipya, wanamwita Wakili, kwa sababu kila kipindi lazima anyooshe mkono."

Fundi alicheka mpaka akaketi. Alikaa kwenye sofa ya mteja, jambo lisiloruhusiwa.

"Kila kipindi?"

"Kila kipindi. Walimu wananitazama mimi kama nimewaletea balaa." Kisha sauti ya binti mkubwa ikashuka. "Anakuulizia na wewe. Anataka ripoti yako. Nimwambie nini?"

Fundi akatazama chumba. Sofa mbili, kiti cha kunesa, stuli. Pasi juu ya kitambaa, imekaa mahali pake.

"Mwambie naendelea vizuri."

"Baba. Hivyo ndivyo ulivyoniambia na juu ya mdogo wangu."

Alitaka kucheka tena, ili amalize simu huku wanacheka, kama alivyofanya ukumbini. Kicheko hakikuja. Akaivuta stuli karibu kwa mguu, akaitazama, haina mtu.

"Una kazi sasa hivi?" akauliza.

"Sina, baba. Nimekaa."

"Basi kaa hapo hapo," fundi akasema. "Nina hoja."