Ndani ya Duara la Maji

Mchana ule chumba cha kompyuta kilikuwa kimya, mapazia yamefungwa, na bahari nzima imelala kwenye kioo mbele ya Dada Mkubwa, rangi ya samawati ikijikunja taratibu ndani ya nyekundu. Kuiga bahari kwa hesabu ndiyo kazi iliyomlisha, wala haina mbwembwe. Ila tangu Jumatatu mdogo wake, kitindamimba wa kwao, alikuwa humo baharini na wenzake, kwenye boti ya utafiti iliyozimika injini na redio.

Rubani wa helikopta alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Dada, mafuta yananitosha kupekua sehemu moja tu kabla giza halijaingia. Niambie niende wapi."

Pale ofisini walikuwa na utaratibu wao. Chombo kikipotea, wanamwaga chembe elfu za kubuni mahali kilipoonekana mara ya mwisho, kisha wanaiachia bahari ya hesabu izichukue. Tatizo lilikuwa ile namba inayosema maji yanavurugana kiasi gani. Mkuu wao, waliyemwita Bwana Wastani akiwa hayupo, aliweka namba moja kwa bahari yote, mkondo uwe mbio au maji yawe yamejilalia. Kwa namba hiyo, chembe zilitapakaa hadi kusini kabisa kama maziwa kwenye chai.

Dada Mkubwa alikuwa na toleo lake la hesabu hiyo, ambalo wenzake walilitania kwamba litamzeesha. Humo mkondo wenyewe ndio unaoamua namba. Kwenye kingo za duara la maji, yaani mkondo unaojizungusha wenyewe kama ule ambamo boti ilionekana mara ya mwisho, mikondo inapokwaruzana, namba inapanda. Katikati inashuka mpaka karibu na sifuri. Akamwaga chembe zake. Zikazunguka, zikazunguka tena, hazitoki.

Alizitazama mpaka macho yakalegea. Akajiona amelala chali katikati ya duara lile, maji vuguvugu masikioni, vidole vyake vikisuka nywele za mtoto aliyesinzia mapajani pake. Hakutaka kuondoka humo. Bwana Wastani, aliyekuwa ameingia na kusimama nyuma yake, akakohoa, ndipo akazinduka.

"Wako palepale walipopotelea," akasema.

"Siku zote hizi?" Bwana Wastani akauliza. "Mwanangu, hilo toleo lako halijapimwa bado. Ukikosea..."

"Nikikosea nitakuwa nimemuua mdogo wangu. Najua, mzee. Usinimalizie."

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Rubani alimtazama yeye, hakukitazama kioo.

"Palepale?"

"Palepale."

Saa zilizofuata hazikuwa na umbo. Bwana Wastani alimletea chai, ikapoa, akaletewa nyingine. Chembe ziliendelea kuzunguka. Hatimaye redio ikakwaruza, na katikati ya ngurumo za helikopta ikatoka sauti iliyokauka.

"Dada? Dada, tulikuwa tunazunguka tu. Jua mara mbele, mara nyuma, hatufiki kokote. Nikasema hata bahari imetususa. Nimeiomba itusukume, popote pale, usiku kucha naiomba na kulia."

Dada Mkubwa alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia kwamba kama lile ombi lingesikilizwa, wakasukumwa nje ya duara, helikopta isingewapata. Badala yake akabaki anamsikiliza mdogo wake akipumua.