Kinundu Kwenye Grafu

Mkuu wa kikundi chetu ana desturi moja inayonikera mpaka leo. Kazi yetu ni kuchambua migongano ya chembe ndogo kuliko atomu, zinazogonganishwa ndani ya mtambo mkubwa, na yeye hutaka kujua kama uchambuzi wetu uko macho au umelala. Basi mara moja kwa mwaka humteua mtu kwa siri, achukue migongano ya kuigiza iliyotengenezwa na kompyuta, yenye chembe mpya ambayo haipo, na kuichanganya na data halisi. Wenzake wakiinasa, vizuri. Wasipoinasa, watamtambua mkuu ni nani. Anayejua hasemi, wala haulizwi.

Safari ile zamu iliniangukia mimi.

Programu ya uchambuzi iliandikwa na kaka yangu, kifungua mimba wa mama. Yeye ndiye aliyenivuta kwenye kazi hii, na hakuchoka kunitania kwamba programu zangu nimeziandika kwa miguu. Nilipouweka ule mtego alikuwa mzima, anakula sahani mbili na bado analalamika. Kisha akaugua ini. Siku daktari alipotuita pembeni mimi na mama, mtego haukunijia hata akilini.

Kaka alikataa kuachana na kompyuta yake hata wodini. Mchana mmoja nikamkuta analia huku anacheka. Kwenye skrini, mstari wa grafu uliopaswa kushuka taratibu ulikuwa umetoka kinundu.

"Njoo uone, mdogo wangu. Chembe mpya. Sasa hata nikifa poa tu."

Mama, asiyejua grafu wala chembe, alikuwa anapapasa skrini kwa kidole. "Mwanangu kaona kitu ambacho hajawahi kukiona mtu," akaniambia, na uso wake ulikuwa umerudi ujana.

Nilitoka hadi kwenye korido nikampigia mkuu, nikamwomba ruhusa ya kusema ukweli.

"Ukimwambia, zoezi limekufa," alisema.

"Anayekufa ni kaka yangu!" Nikamkatia simu.

Nilirudi ndani nimeshaamua kusema, liwalo na liwe. Mama alikuwa ametoka kuchota maji ya kunywa. Kaka alinitazama usoni, akatazama skrini, akanitazama tena. Furaha ilikuwa imeanza kumtoka.

"Mtego ni huu?"

Nilifungua mdomo, yakatangulia machozi. Hakuhitaji jibu jingine.

"Lakini programu yangu imekinasa," alisema.

"Imekinasa, kaka. Safi kabisa."

Akageuzia uso dirishani. Niliumia kuliko siku nyingine yoyote ya ugonjwa wake, maana maumivu yale nilimletea mimi.

Mama alirudi na jagi. "Mbona mmenuna?"

"Hatujanuna, mama," kaka akamjibu, na sauti yake ilikuwa changamfu kweli. "Huyu amekuja kuhakikisha. Ni chenyewe."

Alifariki kabla wiki haijaisha. Mkuu alipofichua mtego kikaoni, wenzangu waliipigia makofi programu ya marehemu. Niliinuka nikaenda kujifungia chooni.

Simu ya mama ilinikuta huko huko. Alikuwa makaburini na fundi wa kuchonga jiwe.

"Nimemwambia aandike kwamba ndiye aliyegundua chembe mpya," alisema. "Hebu nitajie inaitwaje, fundi asije akakosea."

"Mama, usiandike hivyo."

"Kwa nini?"

"Haikuwepo, mama. Ilikuwa ya kuigiza, ya kujaribia kazi yetu."

"Lakini aliniambia mwenyewe."

"Alitaka ufurahi."

Nilisikia nyundo ya fundi ikigonga, kisha ikatulia.

"Na wewe ulijua?"

Ningeweza kumtupia mkuu lawama zote, na Mungu anajua nilitamani.

"Niliiweka mimi, mama."

Nilimsubiri anitukane, hakunitukana. Nilimsikia akihema, halafu sauti yake ikatoka mbali kidogo na simu.

"Fundi, hayo mengine yaache. Andika jina tu."