Ng'ombe wa Ngusa na Kifungu cha Tatu

Chama cha Jembe na Fimbo kilizaliwa chini ya maputo ya harusi ya watu wengine. Ukumbi ulikuwa umekodishwa jana yake kwa sherehe, hapa Ifakara, na wenye mapambo hawakuja kuyavua. Basi wajumbe themanini wa mapinduzi wakakaa kwenye viti vilivyofungwa mikanda ya zambarau, na Hilary, mwenyekiti wa muda, akakaa jukwaani kwenye sofa jeupe la maharusi. Alilikalia lote, peke yake, miguu ameitanua, nyuma yake moyo mkubwa wa maua ya plastiki. Wala hakuona kichekesho chochote.

Dativa alikiona, lakini alijizuia asianze ukorofi mapema. Yeye ndiye aliyekuwa katibu. Daftari la muhtasari lilikuwa mapajani mwake, na humo, kwa mwandiko wake mwenyewe, mlikuwa na rasimu ya katiba. Kifungu cha tatu kilikuwa chake, chake na cha mzee Ngusa.

Miaka minne nyuma, wakulima na wafugaji wa kijiji chao walikatana mapanga kwa sababu ya mpunga ulioliwa na ng'ombe. Walipomaliza kuzika, Dativa na Ngusa, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake zamani kidogo, walitembea wawili tu kutoka malishoni hadi mtoni wakipigilia vigingi. Dativa alitoa ukanda wa shamba lake, hatua ishirini kwa upana, uwe njia ya ng'ombe, na majirani wakatoa wa kwao kwa kumwamini yeye. Ngusa akaapa kwamba ng'ombe wake na wa ndugu zake hawatakanyaga nje ya vigingi. Hawakukanyaga. Misimu minne imepita na hakuna aliyezikwa.

Hilary aliposikia habari hiyo alifika kijijini kwa pikipiki, akapiga picha na kigingi kimoja baada ya kingine, akasema hicho ndicho chama alichokuwa akikiota: jembe la mkulima, fimbo ya mfugaji. Kifungu cha tatu kikaandikwa kwamba chama kitalinda njia za ng'ombe bonde zima. Dativa mwenyewe ndiye aliyemwendea Ngusa nyumbani kumwambia aje mkutanoni, kwamba safari hii hatadharauliwa.

Na mzee wa watu hakuja mikono mitupu. Alileta maksai mnene, wajumbe wale washibe. Alichoomba arudi nacho ni ngozi tu.

"Shikamoo, mzee," Dativa alimsalimu asubuhi hiyo mlangoni.

"Marahaba, mwanangu."

Hilary, aliyekuwa akipita, akadakia. "Hapa hakuna shikamoo, komredi! Sisi wanamapinduzi wote tuko sawa."

Dakika tano baadaye mshereheshaji alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba wote wasimame wampokee Mheshimiwa Mwenyekiti, na Mheshimiwa akaingia akipunga mkono. Nusu saa nzima ikapotelea kwenye utambulisho na itifaki. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe na maji ya chupa, na aliyejaa pale katikati alikuwa Kasmiri, mwenye matrekta ya kukodisha, ambaye shamba lake limepakana na ile njia ya ng'ombe na ambaye kila msimu huitazama kwa jicho la kuila. Ngusa, aliyewalisha watu wote hao, alipewa kiti nyuma kabisa, jirani na masufuria. Dativa alihisi kinyaa cha kwanza kikimpanda, akakimeza.

Saa saba pilau ikapakuliwa. Hilary akasema muda umebana, waendelee na ajenda huku wanakula. Ndipo Kasmiri aliposimama, mfupa mkononi, mafuta yakimchirizika hadi kwenye kiwiko.

"Ndugu wajumbe, tusidanganyane," alisema. "Tukienda kwa wananchi na habari za fimbo, kura tutazisikia redioni. Hawa wageni wanatumalizia bonde. Napendekeza kifungu cha tatu kiondolewe, na jina libaki Chama cha Jembe."

Kisha akauweka ule mfupa mdomoni, akafyonza uboho kwa kelele. Uboho wa ng'ombe wa Ngusa! Watu wakacheka, wakapiga makofi kwa mikono iliyojaa mafuta.

Dativa alikuwa ndiyo kwanza ametia mdomoni pande la nyama, lenye kano, lisilotafunika. Akainua macho kumtazama Hilary, akingoja amkatishe huyu mtu. Si ndiye aliyepiga picha na vigingi? Hilary alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti.

"Kuna mwenye pingamizi?" aliuliza, bila kumtazama mtu. "Hakuna. Kimeondolewa kwa kauli moja."

Ilichukua muda wa kutafuna nyama tu. Dativa angeweza kuitema. Angeweza hata kunyoosha mkono. Lakini aliona haya kutema mbele za watu, akaishughulikia ile nyama mpaka ikashuka, na iliposhuka mambo yalikuwa yamekwisha. Wajumbe wawili walikuwa wamepanda juu ya viti, wanakunja bango la jina la chama ili maneno "na Fimbo" yafichike, wanalibana kwa pini zilizotoka kwenye mapambo ya harusi.

"Mwenyekiti, mimi nina pingamizi," alisema, amesimama.

"Hoja imefungwa, komredi katibu. Wewe andika." Hilary akashuka kwenye sofa lake, akamwinamia, pumzi yake inanuka kitunguu. "Msajili wa vyama anataka muhtasari wenye mwandiko wako na saini yako, la sivyo hatuendi popote. Na wewe nakuona mbali, Dativa. Viti maalumu vile, nani mwingine?"

Dativa alitaka kulifunga daftari. Na bado, Mungu amsamehe, kalamu ilitembea. Mkono uliozoea kutumwa uliandika: kifungu cha tatu kimeondolewa kwa kauli moja ya wajumbe wote.

Alipoinua kichwa, Ngusa alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi. Mzee hakujua kusoma.

"Nisomee, mwanangu."

Dativa akamsomea, kwa sauti ambayo hakuitambua.

"Kauli moja ni ya wote?"

"Ya wote, mzee."

"Na wewe umo?"

 Hilary akataka kuingilia, lakini Ngusa hakumgeukia.

"Ulisema nini walipouliza?"

"Sikusema kitu, mzee," Dativa alisema. "Nilikuwa nakula."

Ngusa aliitazama sahani ya Dativa, wali uliobaki na vipande viwili vya nyama. Hakukasirika. Laiti angemtukana, angempunguzia mzigo.

"Basi andika hivyo," alisema.

Akavaa kofia, akaenda mlangoni, akaibeba begani ile ngozi iliyokunjwa, bado mbichi, akatoka. Nzi wakamfuata. Zilikuwa zimebaki wiki tatu mvua zianze, na Dativa alijua vizuri trekta la nani litapita kwenye vile vigingi kabla ya tone la kwanza.

Mikono yake ilinuka mafuta. Aliifuta kwenye kitambaa cheupe cha meza kuu, mbele ya Kasmiri, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akashika kalamu, akapiga mstari juu ya maneno ya kauli moja. Hilary alikuwa anachungulia begani kwake, na kile kijiti kikasimama mdomoni.

"Unafanya nini? Hiyo haiwezi kwenda kwa Msajili!"

Dativa aliandika kwa herufi kubwa, zile anazoandikia watoto wake, ili asije mtu akasema hazisomeki: Kifungu kiliondolewa wajumbe wakiwa wanakula ng'ombe wa Ngusa. Katibu hakupinga. Alikuwa na nyama mdomoni.

Akaweka tarehe, akatia saini.