Kimfuko cha Pipi

Ziwa Tanganyika lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni kule Ikola, Zubeda wa Shanwe, mjini Mpanda, hakusubiri kuombwa. Alitoa cherehani ya marehemu mumewe, fundi Mustapha, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta, akaanza kuwashonea watoto wa kule magauni kwa vitambaa vilivyobaki duka la mumewe lilipofungwa. Cherehani ilipoanza kulia, alimkumbuka Mustapha pale sokoni Mpanda, anakanyaga huku anaimba vibaya makusudi ili amchekeshe. Jamani, alimkumbuka!

Mustapha alikuwa na mambo yake. Kila gauni la mtoto alilishonea kimfuko kidogo kwa ndani, kiunoni, kisha akatumbukiza pipi moja. "Usimwambie mama," anamnong'oneza mtoto, na mama yupo pale pale anasikia! Zubeda alimgombeza weee, mwisho akachoka mwenyewe. Sasa duka kapanga muuza simu, na sokoni hakuna anayemtaja tena Mustapha. Hilo lilimuuma Zubeda kuliko hata siku ya mazishi. Basi akakata vimfuko, kila gauni liende na chake.

Fausta, jirani aliyekuwa akishona naye, akamjia juu. "Zubeda, watoto wanalala na nguo mbichi, wewe unahangaika na mfuko usioonekana? Lori la misaada linaondoka kesho!"

Alisema kweli, na ndiyo maana ilichoma. Zubeda akashona magauni matupu. Vile vimfuko hakuweza kuvitupa, akavifunga kwenye pindo la kanga yake. Wakapanda lori wote wawili, na njia nzima ya Ikola Zubeda alijiona kamzika mumewe mara ya pili.

Wakagawa nguo chini ya turubai. Mama mmoja, Natalia, alipopokea gauni la binti yake, hakumvalisha kwanza. Aligeuza ndani nje, akapapasa kiunoni, kisha akapapasa upande wa pili.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Zubeda akauliza.

Natalia akacheka kwa aibu. "Samahani mama, mazoea tu. Nilipokuwa mdogo, baba akienda Mpanda kuuza dagaa alikuwa ananiletea gauni la sikukuu. Humu ndani lazima ukute kimfuko, na pipi. Mpaka leo nguo mpya nikiishika lazima nipapase. Jina la fundi tu ndiyo nimesahau."

"Mustapha," Zubeda akasema. Akarudia kwa nguvu, mpaka watu wote wakageuka. "Anaitwa Mustapha!"

Analia, anacheka, hata hakujua lipi limeanza. Akalichukua lile gauni, akakaa juu ya ndoo, akafungua pindo la kanga. "Nipeni sindano. Na atakayeniambia tuna haraka, leo tutagombana."

Fausta alivaa kandambili zake akaenda kutafuta duka linalouza pipi.