Pazia la Jumatano

Mume wangu alipofariki nilikifunga chumba chake cha mbele. Mwaka huu muuguzi wa zahanati akaja kukiomba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekubali kufika kijijini kila Jumatano, lakini zahanati haina pa kumlaza mgonjwa. Nilisali, nikafagia, nikampa ufunguo.

Mtaalamu mwenyewe ni binti mdogo. Neno lake ni moja, "nyoosha", basi tukamwita Nyoosha. Wa kwanza kulala kitandani kwake alikuwa kaka yangu, fundi cherehani, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Hospitali kubwa walimruhusu, wakasema afanye mazoezi, na wa kumfanyisha yuko huko huko mbali.

Wifi yangu alimlea mumewe kama yai. Alimlisha, alimvisha, hata nzi alimfukuzia.

"Mama, kijiko ashike mwenyewe," Nyoosha akamwambia.

"Watu watasema nimemchoka mume."

"Wifi," nikasema, "ungekuwa msikilizaji wa watu, huyu usingeolewa naye."

Kaka akacheka mdomo upande. Uji ukamwagikia shati. Wifi akatazama ukutani, lakini hakukigusa kijiko.

Jumatano zikaenda, mguu ukaanza kumsikia mwenyewe. Wanaume wakajaa na migongo yao. Wanawake hawakuja. Chumba kinatazama baraza, na kila anayesubiri anaona ndani. Jirani yangu mwenye nyonga mbovu alifika mlangoni akageuka. "Nilale pale mguu juu, baraza zima likinikodolea macho? Hapana, mama."

Muuguzi hakutuficha: huduma ni ya wote, na wanawake wasipokuja, Nyoosha atapelekwa kijiji kingine. Nikautazama mguu wa kaka. Umefika nusu ya safari.

Nikatoa shuka mbili za marehemu ziwe pazia. Moja haifiki ukuta hadi ukuta, lazima ziungwe. Nikampelekea kaka.

"Fundi yupo?"

"Yupo. Mchelewaji, lakini yupo."

Akaketi kwenye cherehani, akauweka mguu wa kulia kwenye pedali. Ukateleza. Akaurudisha, ukateleza tena. Wifi alishainama amkanyagie, kisha akajizuia, akaikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa. Nami nikawa namwita Mungu kimoyomoyo.

"Nyoosha," kaka akauambia mguu wake.

Gurudumu likazunguka. Likasimama, likazunguka.

Mshono ulitoka umepinda kama njia ya mbuzi. Kaka akataka kuufumua.

"Uguse uone," nikamwambia. "Hivyo hivyo."

Jumatano pazia likatundikwa. Jirani akaingia, akalivuta, na wenzake wawili wakakaa barazani kungoja zamu. Wifi akaunyoosha mshono kwa kiganja, mbele ya wote.

"Mnaona hapa palipopinda? Amekanyaga mwenyewe. Mimi sikumgusa."

"Kwa hiyo umemchoka," mmoja akamchokoza.

"Sana," wifi akajibu, huku ameinua kichwa kama bibi harusi.

Kaka, kwenye kiti chake, akagonga sakafu kwa mguu wa kulia. "Huko ndani, hilo pazia livuteni taratibu. Hiyo ni kazi ya fundi."