Ukoka Uliotoroka Halmashauri

Uani kwa Mzee Lawama ndege ingeweza kutua, mradi rubani awe mtu asiyejali vumbi. Kiwanja kilikuwa kikubwa, kimelala uchi nyuma ya nyumba kuanzia mlango wa jikoni hadi ukuta wa mwisho. Hakina mti, hakina kichaka, hakina hata gugu la kusingiziwa. Jua likichomoza lilianzia hapo, na likizama liliagia hapo. Ikifika alasiri upepo ulikuja, ukazoa udongo na kuugawa kwa haki na usawa: kitandani, kwenye sufuria, masikioni. Mzee alisema huo ndio mgawo pekee mtaani uliowahi kumfikia kila mwananchi bila kujuana na mtu.

Jina hilo la Lawama hakuzaliwa nalo, alibatizwa na mtaa. Kwa maoni yake hakukuwa na ubaya chini ya jua usiotoka halmashauri ya mji. Mkate ukiwa mgumu, halmashauri. Jino likiuma, halmashauri. Ila kwenye hili la vumbi, tuseme kweli, mzee alikuwa na pa kushikia. Miti yote ya barabara ya nyuma ilikatwa na halmashauri ili barabara ipanuliwe. Miti ilikatwa upesi, kwa ari ya kupigiwa mfano. Barabara ndiyo ilikuwa bado inafikiriwa.

Na sehemu nyingine ya vumbi ilitoka kwenye ufagio. Mkewe, enzi za uhai wake, alifagia uwanja ule kila alfajiri mpaka ukang'aa kama sahani. Jani likithubutu kuchomoza, halikuliona jua la pili. Alipofariki, mzee alibaki na nyumba yenye kazi chungu nzima asizozijua: hakujua chumvi inatiwa saa ngapi, hakujua shuka inakunjwaje na mtu mmoja. Kufagia alikujua. Basi akashika ufagio akaendelea pale mkewe alipoachia, na kila asubuhi alikwangua ardhi kidogo zaidi, hata ikawa juu unga, chini jiwe.

Halafu binti yake akaja kumsalimu na mtoto.

Mjukuu alikuwa bado hajaanza shule, mwepesi kama karatasi, na kifua chake kilikuwa na pumu. Alimpenda babu yake kwa sababu moja kubwa: hadithi zake. Alidhani Halmashauri ni jina la zimwi, na babu hakuona sababu ya kumsahihisha. Siku hiyo walikaa uani, babu akasimulia jinsi Halmashauri lilivyomeza taa za barabarani, mtoto akacheka mpaka akaanguka chali. Upepo ukaja. Kufika magharibi mtoto anapiga mluzi kifuani, na mama yake anamkimbiza hospitali amemkumbatia, mzee nyuma na kandambili mguu mmoja.

Alipona. Lakini mama yake alirudi pale mlangoni akiwa amekaza uso.

"Baba, sikuzuii kuishi unavyotaka. Ila mtoto huyu hakanyagi hapa tena mpaka hili vumbi liishe."

"Liishe? Nilizike?"

"Panda nyasi."

"Nyasi! Kwani unaniona nina ng'ombe?"

"Sitanii, baba."

Na kweli hakutania. Miezi ikapita, mtoto haji. Kwenye simu alisikika akiuliza, "Babu, Halmashauri limekula nini leo?" halafu simu inachukuliwa, eti salio linakwisha. Mzee alikaa jikoni akitazama kile kiwanja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa wa kumlaumu. Hali hiyo ilimtisha. Akavaa shati lake la heshima, akaenda halmashauri kuwatafuta.

Afisa mazingira alikuwa na ofisi ya baridi, mtu akiingia anatamani blanketi. Alimsikiliza mzee kwa upole wa mtu anayesubiri chakula cha mchana.

"Mzee wangu, siku hizi nyasi zinauzwa zimeviringishwa kama zulia. Unanunua, unatandika, basi. Kisha unafunga mtambo wa kunyunyizia, asubuhi na jioni."

"Kunyunyizia nini?"

"Maji, mzee."

"Ya wapi?"

"Ya bomba."

"Bomba lipi, mwanangu? Hilo la kwangu hukohoa tu. Hata sisi wawili tumezoeana, mimi nakohoa ndani, lenyewe linakohoa nje."

Afisa akatazama saa yake. Mzee akaelewa kwamba huduma imekamilika.

Nje, jua la utosi likichoma, bustani ya halmashauri ilikuwa ikimwagiwa maji kwa mpira mnene kama mkono. Maji yalivuka bustani yakashuka mtaroni, yakaenda zake. Palikuwa na kibao kinachokataza watu kukanyaga. Nani akanyage? Waliokuwa na ruhusa ya kuingia pale walikuwa na magari.

Lakini macho ya mzee hayakubaki kwenye kibao, yalishuka chini ya uzio. Ukoka ulikuwa umetambaa, umepenya kwenye waya, umetoka nje mpaka kwenye changarawe ya watu wote, na kila kifundo kimeng'ata ardhi kwa mizizi. Hapo hapakuwa na mpira wala kibao. Ulikuwa umejitegemea. Mzee akachuchumaa, akaanza kung'oa.

"We mzee!" Mlinzi wa geti alikuja na rungu lake. "Hiyo ni mali ya halmashauri!"

"Iko nje ya uzio."

"Imetokea ndani."

"Imetoroka. Kuna kosa gani? Hata mimi ningekuwa jani humo ndani ningetoroka."

Mlinzi alijaribu kukunja uso, mdomo ukamsaliti. "Unapeleka wapi?"

"Kupanda, nipate kumwona mjukuu wangu."

"Sasa mjukuu na majani wapi na wapi?"

Mzee akamweleza. Mlinzi akatazama huku, akatazama kule, kisha akaonyesha kwa rungu. "Nyuma ya choo cha wageni kuna lundo. Wakifyeka pembeni wanautupa huko, unakufa bure. Chukua huo. Na mimi sikukuona."

"Hata ukiniona, utaripoti kwa nani? Wako kwenye kikao."

Akarudi nyumbani na gunia mgongoni, amechangamka kama bwana harusi. Na kwa kuwa alichangamka, akaharibu. Bomba lilianza kutoa maji siku hiyo hiyo saa nane mchana, naye akaona hiyo ni ishara. Akatawanya pingili zake uwanja mzima, kutoka mlango hadi ukuta, akizipachika kwenye ule unga wa juu, kila moja na kopo lake la maji, jua likimpiga kisogoni. Alitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja, kama wale wanaokata utepe. Siku chache baadaye uwanja ulikuwa na mvi tupu. Upepo ukazinyanyua pingili zile kavu, ukampelekea mlangoni kama mtu anayerudisha vyombo vya kuazima.

"Halmashauri," alisema mzee, lakini kwa sauti ndogo, bila imani.

Mara ya pili alipunguza mbwembwe. Alianza na kipande cha ukubwa wa shuka moja tu, pale maji ya bafuni yanapotokea. Ufagio akauegemeza ukutani, akaazima sururu kwa jirani fundi uashi, akavunja lile jiwe la chini mpaka mikono ikachubuka. Samadi aliiokota njiani wanakopita mbuzi. Alipanda jua likishazama, vifundo viwili chini ya udongo, kimoja juu kipumue, akafunika kwa majani makavu. Maji hakuyasubiri ya bomba. Alianza kufua kwa beseni, akaliacha povu litulie, akamwagia. Aliosha vyombo, akamwagia. Akaanza hata kuoga mara mbili kwa siku, jambo ambalo marehemu mkewe alilipigania muda wote wa ndoa yao bila mafanikio.

Ukashika. Kwanza kijani kama ukungu kwenye mkate, kisha vidole vikaanza kutambaa vyenyewe. Kipande kikijaa, mzee anakata pingili pembeni, anavunja ardhi ya kipande kingine, anahamia. Hakununua kitu, wala hakumwomba mtu kitu zaidi ya ile sururu. Hakumwambia mtu pia, maana aliwajua: wangecheka kwanza, kisha wangeuliza kafuga nini. Masika yakapita mle katikati, mafupi na ya kinyonge, lakini yalitosha. Ulipofika ukame, zaidi ya nusu ya uwanja ilikuwa na zulia, lenye mabaka hapa na pale, ila limeshika. Upepo wa alasiri ulikuja ukakosa pa kuanzia.

Mzee akapiga simu. "Mlete mtoto. Kuna nyasi."

"Kweli, baba?"

"Njoo ukanyage mwenyewe. Hapa hakuna kibao."

Asubuhi ya kuja wageni, mzee alitoka kwenda dukani kutafuta maziwa. Duka la kwanza hayapo, la pili hayapo, akazunguka huku akitoa maelezo kamili kuhusu nani amesababisha. Aliporudi, alisikia jembe likilia uani kwake.

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke mnene mwenye nguvu za watu wawili na upendo wa watu watatu. Binti alikuwa amemwambia kwamba wanakuja, naye akawahi asaidie. Kanga kiunoni, jasho usoni, alikuwa ameparua uwanja karibu wote. Ukoka ulikuwa umelundikwa ukutani, mizizi juu. Ardhi ilikuwa imekwanguliwa hadi kung'aa.

"Shemeji, karibu!" alisema kwa furaha. "Nimekufa kwa kazi! Hivi ulikuwa unaishije? Nyasi mpaka mlangoni! Dada'angu hakuacha jani humu hata siku moja. Mtoto akija aone nyumba ya watu, siyo makaburini."

Mzee Lawama alisimama na pakiti yake ya maziwa. Akaokota pingili moja, akaanza kuirudishia udongo.

"Mbona hivyo, shemeji? Unaumwa?"

"Nimezipanda."

"Umepanda nini?"

"Hizo."

"Nyasi?" Shemeji akacheka. "Mtu anapanda nyasi?" Kisha akamtazama usoni, kicheko kikafia njiani. "Shemeji, usiniambie. Ile pumu?"

Mzee akaenda kwenye lundo, akagusa mizizi kama bado ina unyevu. Shemeji akakaa chini palepale, juu ya udongo. "Mungu wangu. Nimefanya nini mimi? Nitukane basi, shemeji. Nitukane, usininyamazie hivyo."

Alitamani kumtukana. Lakini alimwona vile alivyoshika jembe, mkono mmoja juu na mwingine chini kabisa, kama mkewe alivyokuwa akishika, na tusi likamfia kinywani.

"Inuka," alisema. "Upepo haungoji."

"Tupande upya?"

"Hatupandi sasa, jua litaua. Tunafunika. Tandaza kama shuka, nami nalowesha. Jioni ndiyo tupande."

Walibeba ule ukoka kwa kuukumbatia, wakautandaza kwenye ardhi tupu. Mzee akatoa madumu yote ya akiba, ya kufulia, ya kupikia, mpaka la kunywa. Shemeji alijaribu kulizuia hilo la mwisho. "Utakunywa nini?"

"Maziwa. Nimeyahangaikia sana."

Hayakutosha. Upande wote wa ukutani ulibaki mkavu. Kulikuwa bado na kipande kizima pale linapotokea bomba la bafuni, ambacho shemeji alikuwa amekiacha mwisho kwa kuogopa matope na viatu vyake vipya. Kikubwa kama kitanda cha watu wawili. Gari likapiga honi.

Binti alishuka, akachungulia uani. Aliona udongo mwekundu mtupu wenye matambara ya kijani yaliyolegea.

"Baba. Si ulisema kuna nyasi?"

"Zilikuwepo."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Dereva, usizime gari."

"Ni mimi, mwanangu," mama mdogo alisema, mikono kichwani. "Mlaumu mimi. Baba yako kwa mara ya kwanza hana kosa."

Lakini mtoto alikuwa ameshapita chini ya mkono wa mama yake. Alikimbia akapita udongo, akakifikia kile kipande cha bafuni, akavua viatu. Akatulia. Akakanyaga tena, polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto.

"Babu! Inanitekenya!"

Mama yake alimfuata amkamate, akajikuta amekaa naye. Mzee akaja akakaa ukingoni. Shemeji naye, kwa shingo upande, akajibana pembeni. Kiwanja cha kutua ndege, na ukoo mzima umebanana pahala pa kulala watu wawili, miguu nje, wanapeana maziwa kwa kikombe kimoja. Nje dereva akaguna kwa honi fupi. Hakuna aliyeinuka.

Alasiri ikafika, na upepo nao ukafika, haukosagi. Kule ukutani palipobaki pakavu ulinyanyua vumbi, likasimama, likacheza. Mzee alilitazama bila kupumua. Likaja mpaka pale ulipolazwa ukoka uliolowa, likashuka, likabaki. Kidogo lilipita. Mtoto alikohoa mara moja. Mama yake akaushika mkoba wenye dawa ya kuvuta, akamlaza mtoto kifudifudi kwenye nyasi, akabandika sikio mgongoni kwake.

Alisikiliza muda mrefu. Shemeji alikuwa amefumba macho. Mzee Lawama alitazama chini, vidole vimezama ndani ya mizizi, na kwa muda ule wote hakumtaja mtu yeyote mwenye cheo.

Binti akainua kichwa. Sikio lake lilikuwa na alama za majani.

"Baba," alisema, "kamwambie dereva asitusubiri."

Mzee akainuka. Njia fupi ya kwenda getini ilipita katikati ya udongo mkavu. Akaikwepa, akazungukia juu ya ukoka uliolowa kwa ncha za vidole, kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe, asije akatimua hata chembe moja.