Marufuku Kukohoa Kabla ya Mwisho

Watu wamewahi kudai haki kwa mabango, kwa migomo na hata kwa kulala barabarani. Mwalimu wa muziki wa shule moja ya bweni aliamua kuidai kwa fidla.

Wanafunzi walimwita Kipepeo kwa sababu ya tai yake fupi yenye mabawa mawili shingoni. Yeye aliamini ni kwa sababu ya mikono yake anapoongoza, na hakuna aliyekuwa na roho ngumu ya kumsahihisha.

Haki yenyewe ilikuwa ya wapishi. Jiko la shule halikuwa na dohani. Moshi wa kuni ulipanda darini, ukakosa njia, ukarudi chini kuwauliza wapishi ufanyeje, nao wakaujibu kwa kikohozi. Mpishi mkuu alikuwa shangazi yake Kisirani, msichana wa bweni la tatu aliyepiga selo, ile fidla nene inayokumbatiwa kwa magoti. Daktari alikwisha kumwambia shangazi waziwazi: ama moshi uondoke jikoni, ama wewe uondoke. Shangazi, aliyemlea Kisirani tangu akiwa na meno ya utoto, hakuwa na kwingine kwa kuondokea. Bodi ya shule iliombwa dohani kila muhula, na kila muhula ilijibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Bila shaka ilikuwa kazi nzito, maana haikuisha.

"Tutawagusa mioyo," Kipepeo aliwaambia wanamuziki wake siku ya mazoezi. "Mwenyekiti wa bodi ni binadamu. Ana moyo."

"Na mapafu je, Mwalimu?" Kisirani akauliza. "Anayo?"

"Kisirani, kaa chini."

"Nimekaa, Mwalimu. Selo haipigwi wima."

Onyesho likaitwa "Sauti kwa Wasio na Sauti". Jina hilo liliwashangaza wanafunzi, kwa sababu yeyote aliyewahi kurudi kwenye dirisha la jikoni kuomba nyongeza ya chakula aliijua vizuri sana sauti ya mpishi mkuu.

Kisirani mwenyewe ndiye aliyepeleka kadi ya mwaliko jikoni. Shangazi alifuta mikono kwenye aproni, akaisoma kwa kuinyoosha mbali na macho yanayochuruzika.

"Inapendeza. Saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, Shangazi."

"Saa kumi nitakuwa napika."

"Unampikia nani, na sisi sote tutakuwa kwenye onyesho?"

"Wageni wa onyesho."

Kisirani akacheka. Shangazi naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika hadi akainamia meza kwa mikono miwili. Kisirani akamsugua mgongo, akihesabu mifupa ambayo zamani haikuhesabika. Aliporudi bwenini alikuwa kimya, na wenzake waliomfahamu wakaanza kuogopa.

Onyesho lilifanyika bwaloni, kwa kuwa shule haikuwa na ukumbi mwingine. Bwalo na jiko vilitenganishwa na ukuta mmoja wenye dirisha la kupakulia chakula. Dirisha lilikuwa na ubao wenye bawaba chini na komeo upande wa bwalo. Kipepeo aliagiza lifungwe kabisa, wapishi wasije wakayaharibu mapambano yao wenyewe kwa kelele za masufuria.

Wageni walipokwisha kuketi, Kipepeo akasimama mbele yao. Aliogopa aibu kuliko kifo, kwa hiyo akawapa masharti.

"Waheshimiwa, muziki huu una sehemu tatu. Hatupigi makofi mpaka mwisho. Hatusimami. Na kama mtu ana kikohozi, tafadhali akiweke mpaka tutakapopumzika baina ya sehemu moja na nyingine. Anayekohoa katikati ya muziki, amemkohoa mtunzi usoni."

Mwenyekiti wa bodi, mzee mnene aliyeketi safu ya mbele, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyezaliwa akiyajua hayo.

Sehemu ya kwanza ikapita salama. Kipepeo akashusha mikono, na wageni wote wakakohoa kwa pamoja, vikohozi vidogo vya adabu, kuonyesha kwamba wameelewa masharti. Ndani ya kelele hiyo, Kisirani, ambaye kiti chake kwa bahati tu kilijikuta kando ya dirisha, akalisukuma komeo kwa kiwiko. Ubao ukashuka taratibu kama kope la msinziaji.

Moshi ukaingia. Ulikuwa haujawahi kualikwa popote, ukaingia na jamaa zake wote.

Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole na huzuni. Mwenyekiti alianza kwa macho mekundu. Kisha chozi likamtoka, likafuatwa na wenzake. Mkuu wa shule akatoa leso. Safu nzima ya bodi ilikuwa imevimba mashavu kama wapuliza tarumbeta, na hakuna aliyethubutu kumkohoa mtunzi usoni.

Kipepeo, naye macho yakimwasha kwa kile alichodhani ni hisia, akageuza jicho, akaona machozi. Maskini, tangu aanze kazi alikuwa hajawahi kumliza mtu kwa uzuri. Akaashiria sehemu ya pili irudiwe tangu mwanzo. Mchimba kisima huingia mwenyewe: Kisirani akapiga selo huku kamasi zikimchuruzika, akijuta kidogo. Walipomaliza marudio, Kipepeo aliyekwisha kupandwa na mori hakupumzika hata kidogo. Akaunganisha na sehemu ya tatu.

Noti ya mwisho ilipokatika, hakuna aliyepiga makofi. Bwalo zima lilikohoa. Lilikohoa kwa kuinama, kwa kushikana mabega, kwa kuitana majina ya mama zao. Dirishani ukachomoza uso wa shangazi.

"Jamani, poleni! Nani kafungua hapa?" Kisha naye akakohoa pamoja nao. Kwa mara ya kwanza alikohoa akiwa na wenzake wa hadhi.

Kipepeo akalitazama dirisha, akalitazama komeo, akamtazama Kisirani. Kisirani alikuwa akiuchunguza upinde wake kama mtu anayetafuta chawa.

Mwenyekiti akasimama, macho kama nyanya. "Mwalimu! Huu moshi... mmeukusudia?"

 Kipepeo akainyoosha tai yake. Ilionekana wazi kwamba ukweli ulipita usoni mwake, ukabisha hodi, ukakosa mwenyeji.

"Hiyo ni sehemu ya nne, Mheshimiwa," akasema. "Mtunzi hakuiandika. Tumeiandika sisi."

Mwenyekiti akamkamata mkono. "Nimeielewa hapa," akasema, akijigusa kifua.

Dohani ikajengwa kabla muhula haujafungwa, na chini yake pakabandikwa kibao: IMEJENGWA KWA NGUVU YA MUZIKI. Kipepeo akawa anaalikwa shule nyingine kueleza nguvu hiyo. Kisirani alipewa adhabu ya kufagia bwalo mpaka likizo, kwa kosa ambalo halikutajwa, maana kulitaja kungeiua sehemu ya nne.

Bodi, ikiwa imeshaonja utamu wa kutenda haki, haikuishia hapo. Iliamua kwamba wapishi wasifungiwe nje ya muziki tena. Kila Jumamosi alasiri, saa ile waliyozoea kunyoosha miguu, wangeketi safu ya mbele kusikiliza. Ilikuwa lazima, na masharti yalikuwa yaleyale.

"Mwanangu," shangazi alimnong'oneza Kisirani Jumamosi ya kwanza, akijisogeza kwenye kiti kigumu. "Moshi umepata njia ya kutokea. Na mimi nitatokea wapi?"

"Vumilia, Shangazi. Ni haki yako."

"Haki gani hii inayoumiza makalio?"

Kipepeo akainua mikono. Walipofika kwenye sehemu ya polepole, safu ya mbele ikatoa sauti nzito, tulivu, yenye afya, isiyo na kikohozi hata kimoja ndani yake. Kipepeo akageuka, akayapitia masharti yake kichwani. Kukoroma hakukuwamo.

Kisirani akaulegeza upinde, akaishusha sauti ya selo kidogo, asimwamshe shangazi.